Hatua za Sista Tusekile

Katika nchi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa yenyewe haipendi kutajwa bila kibali chenye mihuri miwili, kulikuwa na hospitali ya ghorofa nne na lifti moja. Lifti ilikufa mwaka wa mafuriko na haikuzikwa. Ilibaki imesimama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mlango wazi kidogo, na wagonjwa wapya walipopita kwenye ngazi waliisalimia wakidhani ndani yumo mtu.

Nilikuwa muuguzi wa Wodi ya Saba, ghorofa ya nne. Wauguzi tulikuwa watano, vitanda arobaini, wagonjwa sabini. Bomba la maji lilikuwa uani. Dawa zilikuwa ghorofa ya chini, na maabara ilikuwa jengo la pili, ng'ambo ya uwanja. Mkubwa wetu alikuwa Sista Tusekile, mama wa miaka hamsini na tisa, mnene kiasi, mcheshi, mwenye miguu iliyovimba mpaka viatu vyake alivikata kisigino kwa mkasi wa wodi. Yeye peke yake ndiye aliyejua mlango upi una ufunguo na ufunguo uko kwa nani, kwa hiyo kila kitu kilichohitajika chini alikifuata yeye. Ukimtuma mwingine alirudi mikono mitupu.

Siku moja Waziri wa Afya alikuja kukagua hospitali. Alikagua ghorofa ya chini, kwa kuwa ndiyo iliyotandikwa zulia. Akiwa hapo, Sista Tusekile akapita na ndoo ya maji, jasho linamtoka, pumzi juu juu.

"Mama, mbona unahema hivyo?" Waziri akamuuliza.

"Mheshimiwa, hii ni safari yangu ya kumi na tisa kwenye ngazi hizi tangu asubuhi. Lifti ni mbovu."

Waziri akamgeukia katibu wake kwa huzuni ya kweli. "Umesikia? Safari kumi na tisa tu, tayari anahema. Hawa watu hawana mazoezi kabisa."

*

Nchi yetu ikiamua jambo haichelewi. Baada ya wiki mbili ukazinduliwa Mpango wa Taifa wa Siha ya Watumishi wa Hospitali. Turubai lilifungwa mbele ya jengo, na watumishi tukapangwa juani ili tupate vitamini.

"Ndugu watumishi," alisema Waziri, "kwa miaka mingi taifa limejiuliza kwa nini wagonjwa wetu hawaponi. Tumeunda tume. Tume imezunguka nchi kumi na moja, na hatimaye imepata jibu. Wagonjwa wetu hawaponi kwa sababu wauguzi wetu hawatembei."

Makofi yalipigwa na wale waliokuwa chini ya turubai.

"Tazameni nchi zilizoendelea," akaendelea. "Huko muuguzi ana kiuno. Huko muuguzi anakimbia. Sisi tunaketi. Taifa lililoketi haliwezi kusimama."

Waziri aliyasema hayo akiwa ameketi, kwa kuwa daktari wake alikuwa amemkataza kusimama muda mrefu. Alipomaliza walipita wahudumu na sinia za sambusa na soda kwa walioko turubaini. Sisi tulipewa kila mmoja kipande cha tango.

Aliyekabidhiwa kuusimamia mpango aliitwa Bwana Mpangala, na cheo chake kilikuwa Mratibu wa Siha Kazini. Alitolewa Idara ya Mifugo, ambako alisifiwa sana kwa kuwatembeza ng'ombe mwendo mrefu mpaka mnadani, ingawa waliofika walikuwa wachache. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na filimbi.

Kesho yake lifti ikawekwa kibao cha shaba: LIFTI HII IMEFUNGWA KWA AJILI YA AFYA YAKO. Kwa hiyo haikuwa mbovu tena. Fundi aliyekuwa akisubiriwa tangu mafuriko aliandikiwa barua ya kushukuriwa kwa kutokuja.

Kisha likaja lori kuchukua viti. Viti vyote vya wauguzi, hata kile cha mezani kwetu chenye mguu uliofungwa bandeji, vilipakiwa na kupelekwa wizarani kuhifadhiwa. Chumba kilichosimama peke yake ng'ambo ya uwanja, ambacho kila Alhamisi mchana watumishi walipimwa presha na moyo kiligeuzwa Ukumbi wa Siha. Kilibandikwa kioo ukuta mzima na kufungwa spika mbili. Mashine ya kupima moyo haikutolewa, ilikuwa nzito. Ilifunikwa kitambaa na juu yake pakawekwa spika moja.

Mwisho tukagawiwa saa. Tuliziita saa za hatua, ingawa muda hazikuonyesha. Ukiivaa mkononi inahesabu kila hatua unayopiga, na kila Jumatatu Bwana Mpangala alizisoma moja moja mbele ya watu. Lengo lilikuwa hatua elfu kumi kwa siku. Aliyepungukiwa jina lake lilibandikwa getini, kisha alizunguka chumba cha maiti mara tatu akikimbia, filimbi nyuma yake, wafiwa wakitazama.

*

Lazima niseme kuhusu chai ya saa nne.

Kabla ya mpango, kila siku saa nne asubuhi, tukishamaliza kugawa dawa, Sista Tusekile alichemsha chai ya tangawizi kwenye jiko la stoo. Mmoja wetu alileta maandazi au viazi vitamu, kwa zamu. Tulikunywa dakika kumi na tano, wawili wawili, wodi isibaki peke yake. Ndizo dakika pekee ambazo Sista Tusekile aliketi. Miguu aliiweka juu ya boksi la dripu, akafumba macho, akasema, "Msiniamshe, nimekufa kidogo." Tulicheka kila siku kama hatujawahi kulisikia.

Mpango uliipiga marufuku chai. Ilionekana ina sukari, na wanywaji wake wanaketi. Badala yake saa nne ilipigwa filimbi, nasi tukapaswa kunyoosha mikono juu tukisema, "Siha, siha, taifa imara." Wagonjwa waliojiweza walinyoosha pia, kwa adabu.

"Mwanangu," Sista Tusekile aliniambia siku ya kwanza, mikono yake ikiwa hewani, "nimebakiza miezi saba nistaafu. Nikistaafu nitaketi. Nitaketi mpaka kiti kiniombe ruhusa ya kwenda kujisaidia."

"Utamaliza salama, dada."

"Kwani nimesema sitamaliza? Shusha mikono, mzee wa kitanda cha tisa kajimwagia uji."

*

Tatizo letu sisi wengine wanne lilikuwa fomu. Mpango ulitaka kila muuguzi ajaze fomu ya hatua zake kila baada ya saa moja, kurasa nne, na haiwezekani kuijaza ukitembea. Kwa hiyo kadiri tulivyojaza hatua ndivyo tulivyopungukiwa. Wiki ya kwanza nilikuwa na elfu sita. Nilikizunguka chumba cha maiti. Nina watoto watatu, wa kwanza anasoma shule iliyo mkabala na geti, na siku hiyo walikuwa mapumziko. Aliniona.

Sista Tusekile hakujaza fomu. Alisema macho yake hayaoni herufi ndogo, akaenda zake chini kufuata damu. Saa yake Jumatatu ile ilisoma hatua elfu ishirini na tatu kwa siku.

Tulikuwa tumesimama mezani, tunajaza, mwenzetu Mwasi analia kwa sababu yeye alikizunguka chumba cha maiti siku ambayo shangazi yake alikuwa ndani. Sista Tusekile akaweka ndoo chini.

"Leteni hizo saa."

"Za nini, dada?"

"Mimi natembea tu. Nivae moja, nivae tano, ngazi ni zile zile. Leteni, ninyi mjaze karatasi za Bwana Ng'ombe."

Tukacheka. Mwasi alicheka huku bado analia. Tukamvalisha mbili mkono wa kulia na mbili wa kushoto. Ya tano, ambayo ni yangu, haikupata nafasi, akaivaa juu ya kiwiko kama hirizi. Akainua mikono akazitikisa.

"Sasa mimi ni wodi nzima," akasema, akaenda kufuata majibu ya maabara.

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Hakuna aliyetulazimisha.

*

Jumatatu iliyofuata Wodi ya Saba ilisoma hatua elfu ishirini na tatu kwa siku kwa kila muuguzi, wote watano, bila kuzidiana hata hatua moja. Bwana Mpangala alizisoma mara mbili. Halafu akapanda ghorofa ya nne mwenyewe, akafika akiwa rangi ya majivu, na Sista Tusekile akampa maji.

"Usawa huu," alisema alipopata pumzi, "sijauona hata kwa ng'ombe. Hii ni nidhamu. Hii ni wodi ya mfano."

Taarifa ikaenda wizarani. Wizarani wakakaa wataalamu, kwa maana wao viti walikuwa navyo vingi, wakapiga hesabu. Kama muuguzi wa kawaida anatembea hatua elfu kumi, na wa Wodi ya Saba anatembea zaidi ya mara mbili, basi wodi hiyo ina wauguzi mara mbili ya wanaohitajika. Wakatuondolea wawili, wakapelekwa wodi nyingine kufundisha kutembea. Tulibaki watatu: Sista Tusekile, Mwasi na mimi. Na kwa kuwa wodi ya mfano haiwezi kupimwa kwa lengo la wodi za kawaida, lengo letu likawa hatua elfu kumi na tano.

Zile saa mbili za walioondoka hawakuzichukua. Walimwachia azivae, maana huko walikokwenda nako kulikuwa na Jumatatu.

*

Wiki ya tatu nilimkuta kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, pale ilipo lifti. Ameipindua ndoo na kuikalia. Midomo yake ilikuwa na rangi nisiyoipenda.

"Kifua?" nikamuuliza.

"Kimekaa kidogo. Kitasimama, si kimekatazwa kuketi."

Sikucheka. Nilipanda kuchukua kipimo cha presha, nikampimia pale pale kwenye ngazi. Kilisoma mia mbili na kumi juu ya mia na ishirini. Nikarudia. Ikawa ile ile.

"Usiandike," akasema.

Mpango ulikuwa na kifungu. Mtumishi akikutwa na presha ya juu anahesabiwa ameshindwa kujitunza na anafikishwa mbele ya kamati. Kamati inaweza kusogeza mbele tarehe yake ya kustaafu mpaka afya yake itakaporidhisha.

"Dada, hii si ya kuficha. Unahitaji kupimwa moyo leo, na kupumzika wiki mbili."

"Mashine iko chini ya spika, mwanangu. Nimeiona juzi wakicheza. Inaruka nayo."

Nilimwacha amekalia ndoo, nikashuka moja kwa moja mpaka ofisi ya Bwana Mpangala.

"Shikamoo, Bwana Mratibu."

"Marahaba, Mama. Wodi ya mfano, karibu. Ningekupa kiti lakini unaelewa."

"Zile hatua si zetu," nikasema. "Ni za mtu mmoja. Sista Tusekile ndiye anayevaa saa zote tano."

Kisha akatabasamu, kama unavyomtabasamia mtoto aliyeota.

"Mtu mmoja hawezi."

"Anaweza. Anafanya kazi ya watu watano, ndiyo maana. Na anaumwa. Presha yake ni mia mbili na kumi. Naomba karatasi ya mapumziko, na Ukumbi wa Siha ufunguliwe nusu saa apimwe moyo."

Bwana Mpangala akafungua daftari lake kubwa, akapitisha kidole. "Tusekile. Huyu hapa. Wa kwanza hospitali nzima. Wa pili kitaifa." Akaligeuza nilione. "Sasa nisikilize, Mama, wewe umesoma. Mtu mwenye hatua hizi hawezi kuwa mgonjwa. Akiwa mgonjwa, maana yake mpango umeshindwa. Je, mpango umeshindwa?"

"Mimi naongea habari za mtu."

"Na mimi nakuuliza, umeshindwa?" Akalifunga daftari. "Basi. Haujashindwa. Na zile hesabu zimeshafika kwa Mheshimiwa. Zikishafika kwa Mheshimiwa haziwezi kuwa za uongo, maana atakuwa amesema uongo. Kupotosha takwimu ni miaka mitatu. Mimi hapa sijasikia kitu, kwa sababu nakuheshimu."

Akachomoa fomu ya mapumziko, akaigonga muhuri, akanipa. Muhuri ulisema: MWENYE AFYA.

Nilipanda ngazi. Sista Tusekile hakuwepo tena kwenye ndoo, wala ndoo haikuwepo. Alikuwa juu, anambadilishia shuka mzee wa kitanda cha tisa.

"Amekubali?" akauliza.

Nikamwonyesha fomu. Aliisoma vizuri sana, herufi ndogo na kubwa.

"Basi kumbe nilikuwa nadeka," akasema.

Saa yangu ilikuwa pale juu ya kiwiko chake, imeacha alama kwenye nyama. Ningeweza kuivua. Ningeweza kuivaa mwenyewe na kwenda kukizunguka nayo chumba cha maiti. Sikuivua. Ilikuwa Ijumaa, na Jumatatu haiko mbali na Ijumaa.

*

Jumatano iliyofuata ilikuwa siku yangu ya mapumziko, kwa hiyo yaliyotokea nimeambiwa na Mwasi.

Saa nane mchana Sista Tusekile alikuwa anapandisha ndoo ya maji. Alifika kwenye lifti, akaweka ndoo chini taratibu bila kumwaga, akaketi sakafuni. Mwasi alimsikia akimwita mara moja tu. Alipomfikia hakuwa anaongea tena, ila alikuwa anapumua.

Ndugu wanne wa wagonjwa walimbeba kwa machela. Walishuka naye ghorofa zilizobaki, wakakata uwanja, wakafika Ukumbi wa Siha palipo na mashine ya moyo. Ulikuwa umefungwa. Ndani watumishi wa utawala walikuwa wakifanya mazoezi ya gwaride la Siku ya Siha, na muziki ulikuwa juu. Waligonga. Wakazunguka mlango wa nyuma, wakagonga. Wakarudi mlango wa mbele. Mwasi anasema walizunguka lile jengo mara tatu, wakikimbia, na mara ya tatu yeye ndiye aliyewaambia wasimame.

Kutoka pale kwenda chumba cha maiti si mbali. Walimpeleka wao wenyewe.

Mikono yake yote miwili, yenye saa zote tano, ilikuwa inaning'inia nje ya machela.

*

Mazishi yalikuwa ya kitaifa. Wizara ilileta viti, na nilikitambua chetu, chenye mguu wa bandeji. Alikikalia katibu wa Waziri. Jeneza liliwekwa mbele ya hospitali, penye turubai lile lile.

"Tumempoteza shujaa," alisema Waziri. "Lakini tusilie kama watu wasio na takwimu. Siku ya kufariki kwake Sista Tusekile alifikisha hatua elfu kumi na tano na arobaini. Alilipita lengo. Napenda kulihakikishia taifa kwamba marehemu amefariki akiwa na afya njema kabisa."

Binti wa Sista Tusekile, aliyetoka mbali na basi usiku kucha, alikuwa amesimama karibu yangu. Viatu vya mama yake vilikuwa mikononi mwake, vile vya kisigino kilichokatwa, vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Akaninong'oneza, "Shangazi, mama alikuwa anakimbilia wapi siku ile?"

Nikamwambia alikuwa anafuata maji.

"Hatua zote hizo, maji tu?"

"Ndiyo, mwanangu. Maji."

Nilimjibu kwa mkato kwa kuwa zaidi ya hapo ningelazimika kumweleza hatua za mwisho alizipiga nani. Wanaume wanne, huku na huko, na mlango usiofunguliwa. Ngapi zilikuwa zake na ngapi zao, saa haikutenganisha. Ilihesabu tu.

Baada ya jeneza kuondoka Bwana Mpangala alitufuata mimi na Mwasi. Macho yake yalikuwa mekundu, na filimbi hakuwa nayo. Nilifikiri atasema jambo. Alitupa kila mmoja bahasha kubwa, akasema ni agizo kutoka juu, akaondoka akitazama viatu vyake.

Lengo la Wodi ya Saba bado ni elfu kumi na tano. Sasa natembea hatua zangu mwenyewe. Maji nayafuata mimi, na nimeshajua mlango upi una ufunguo na ufunguo uko kwa nani. Saa nne wanapopiga filimbi nanyoosha mikono.

Kilichokuwa ndani ya bahasha ni cheti. Kina nembo ya taifa na jina langu limeandikwa kwa wino wa dhahabu, halijakosewa hata herufi. Kinasema kwamba siku ya Jumatano, tarehe fulani, nilitembea hatua elfu kumi na tano na arobaini kwa ajili ya afya yangu na ya taifa langu.

Siku hiyo nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha jikoni, miguu juu ya sanduku la mkaa, namenya viazi.